Utepe wa Mashine Kumi na Mbili

Jumanne saa tatu asubuhi, kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha Kitale, Hiram Mbogo aliweka mezani vitu vitatu: mashine yake ya kupumulia, chupa ya maji ya betri, na kisu cha kukatia kamba za magunia. Askari wa ukaguzi, dada aliyeitwa Chesang, alianza na kisu.

"Hiki hakipandi ndege, mzee."

"Nimetembea nacho miaka kumi na nane."

"Tembea nacho. Kuruka nacho ndio hapana."

Akakitia kwenye bahasha, akaandika jina, akasema atakipata akirudi. Halafu akaishika mashine. Ilikuwa ndogo kama redio, ina mpira mrefu na maski ya puani. Hiram alieleza kwamba akilala pumzi hukatika, na mashine ndiyo humsukumia hewa asife. Maji ya betri ni ya kulainisha hiyo hewa. Barua ya daktari alikuwa nayo. Chesang hakuisoma. Alitaka kuona mashine ikiwaka.

Ilipowaka, nyuma ya Hiram alisimama mwanaume mwenye blanketi ya hospitali mabegani, miguu mitupu.

"Mzee Hilamu, ni mimi Wanjara wa Maturo," alisema, akibadilishana l na r kama kawaida yake. "Yule wa kitanda cha karibu na mlango. Mama Mary Ann amenipea nafasi yake. Nivute hewa kidogo tu, bana."

Hiram alimkumbuka. Wanjala alikufa miaka miwili iliyopita, Jumatano ileile aliyokufa Wangechi, mke wa Hiram, huyo Mama Mary Ann, wodi ileile.

Chesang aliuliza kama huyo naye anasafiri. Hiram akasema inaonekana hivyo. Ndege ilikuwa ndogo na kila abiria alipimwa uzito, basi Wanjala akapandishwa kwenye mizani. Ikasoma sufuri. Chesang akafikiri kidogo, akaandika: mzigo wa mkononi.

Safari yenyewe ilikuwa ya watu wawili. Binti yao, Mary Ann, alikuwa anafua nguo kwenye meli kubwa ya watalii, na kampuni iliruhusu wafanyakazi kuwaleta wazazi mara moja. Aliomba nafasi ya baba na ya mama. Mama akafa kabla ya jibu kufika. Jibu likafika na majina yote mawili, kwa sababu wakubwa hawajui kusoma matanga.

Wangechi alikufa hivi. Walikuwa wameshuka kutoka Kachibora hadi Matulo kununua ng'ombe wa maziwa, kifua kikambana, wakamkimbiza hospitali moja ya upande wa Bungoma. Kwenye korido ya wodi kulikuwa na mashine kumi na mbili za hewa, mpya, bado kwenye nailoni. Utepe mwekundu mmoja ulizizunguka zote na kufungwa mbele kama zawadi ya arusi.

"Mashine si hizi hapa?" Hiram alimuuliza muuguzi.

"Zimefika, baba. Lakini hazijazinduliwa."

Mheshimiwa angekuja Ijumaa kukata utepe na kupigwa picha. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Hiram alikaa kwenye benchi siku tatu akiutazama ule utepe, kisu kikiwa mfukoni. Wagonjwa waliutazama pia. Hakuna aliyeugusa. Utepe wa serikali unakatwa na mwenye makasi yake, na wakubwa wana kalenda yao, na kifo kina yake. Ijumaa mheshimiwa alikuwa na harambee kwingine.

Walipofika melini, Hiram alipewa chumba kizuri chenye kitanda cha upana wa shamba la vitunguu. Soketi ilikuwa ukuta wa pili. Waya wa kuongezea stima alinyang'anywa mlangoni, ati sheria ya moto, hadi msimamizi atie sahihi, na msimamizi hakuonekana. Kwa hiyo Hiram alijitandikia sakafuni, mto karibu na soketi, ndani ya meli yenye ghorofa kumi.

Alasiri ya kwanza, baada ya chakula, alipowasha mashine alikuta foleni kwenye korido. Watu kumi na mmoja, wote wa ile wodi, wote na blanketi. Walipanga mstari bila kuambiwa, kama watu waliozoea. Wanjala aligawa zamu: kila mtu pumzi hamsini, na mwenye kudanganya hesabu anarudi mwisho.

Mary Ann alipopita na kikapu cha mashuka alisimama.

"Baba, hii laini ni ya nini?"

"Ni watu wa wodi ya mama yako."

Aliwatazama wote mmoja mmoja. "Na mama?"

"Ako nyuma," Wanjala alijibu. "Anaachia watu."

"Basi nipeni hizo blanketi nizifue. Zimechafuka, na kesho kuna ukaguzi." Alizirudisha jioni zikiwa zimepigwa pasi, muhuri wa hospitali ukionekana vizuri.

Hiram hakulala kwenye safari hiyo. Alikaa kando ya mashine akingoja zamu ya mke wake. Siku ya tano walikuja wawili asiowajua, msichana aliyebeba mtoto na kijana wa bodaboda.

"Hawa walikuwa wodi gani?" Hiram aliuliza.

"Ileile," Wanjala akasema. "Hawa ni wa juzi."

Siku ya saba Wangechi alifika mlangoni. Alikuwa na leso yake ya kanisani. Spika zilikuwa zinatangaza kwamba meli imefika bandarini na abiria watoke vyumbani.

"Ulikuwa wapi?" Hiram alisema.

"Nyuma. Yule msichana alikuwa na mtoto."

"Hata kule wodini ulisema hivyo. Ati wahudumie mwingine kwanza."

"Kwani kulikuwa na kuhudumiwa? Na wewe ulikuwa na kisu."

"Utepe ulikuwa wa serikali, Wangechi."

"Na mimi nilikuwa wa nani?"

Alisema bila hasira, kama anayeuliza bei ya sukuma wiki. Hiram alimwekea maski usoni. Alikuwa amevuta pumzi moja wakati mfanyakazi wa usafi alipoingia, akasalimia vizuri, akachomoa mashine na kuchomeka ya kufagia.

Waliporudi Kitale, Chesang alimrudishia bahasha yenye kisu. Hakupandisha mtu kwenye mizani tena. Alimtazama Wangechi aliyesimama nyuma ya Hiram, akampungia mkono apite. Hiram hakwenda nyumbani. Saa nane alikuwa kwenye korido ya hospitali upande wa Bungoma.

Mashine zilikuwa palepale. Nailoni ilikuwa imeshika vumbi, lakini utepe ulikuwa safi, umefunguliwa upya kila mwaka wa fedha na kufungwa tena. Kwenye benchi alikaa mama mmoja mzee, bado hai, akivuta pumzi kwa mabega.

"Sasa kata," Wangechi alisema.

Hiram alitoa kisu, akakata. Utepe ukaanguka sakafuni bila sauti yoyote. Alikuwa ameanza kutoa nailoni ya kwanza wakati mlinzi wa stoo, Kizito, alipotokea na funguo zake.

"Mzee, umekata?"

"Nimekata."

"Pole. Hukujua." Kizito hakukasirika. Aliingia stoo akarudi na roli nzima ya utepe mwekundu, mpya, nene kama gurudumu la wilbaro. "Tuko nayo ya kutosha. Ijumaa wanakuja kuzindua."

"Ijumaa gani?"

"Ijumaa." Akauzungusha utepe kwenye mashine zote kumi na mbili, taratibu, akiunyoosha kwa kiganja. Alipofika mbele akapapasa mifuko. "Niazime hicho kisu."

Hiram akampa.

Kizito akakata urefu uliomfaa, akarudisha kisu, akafunga fundo la kwanza. "Weka kidole hapo, mzee, lisilegee."

Hiram akaweka kidole. Mama wa benchini alikuwa ameacha kuvuta pumzi kwa mabega. Alikuwa amesimama na blanketi mabegani, anatazama wanavyofunga. Na Wangechi alirudi nyuma hatua moja, akamwachia nafasi mbele yake.