Makundi Yasiyosikilizana

Svatava alianza kuchoka hata kabla baridi haijaisha. Katika maabara yetu pale Praha kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi hamira zinavyopashana habari, na miaka yote hiyo hamira hazikuwahi kumwangusha.

Unazipanda kwenye kisahani chenye rojo ya mwani, unakiweka kwenye kabati la joto, zinakua kundi jeupe la ukubwa wa kifungo cha koti. Kundi likianza kuzeeka hutoa amonia, ile hewa yenye harufu ya mkojo uliolala. Kundi jirani likiipata, nalo hutoa yake, kisha yote mawili yanaacha kukua upande yanapotazamana. Ndani ya kundi kazi hugawanywa: chembe za juu hujiweka tayari kuishi muda mrefu, za chini huchakaa zikizilisha za juu.

Msimu ule makundi yakawa hayasikilizani. Yalikua mpaka yakagusana, na chembe za juu zikafa pamoja na za chini. Svatava alirudia jaribio tena na tena. Jioni alifika nyumbani akala mkate na siagi akiwa amesimama, koti bado mwilini.

"Svata, hamira zako zimeharibika," Vratislav, mwenzake tangu enzi za chuo, alimwambia. "Kuna kitu kimeziingilia."

"Nimezipima. Hakuna kitu."

"Basi zimezeeka. Kama sisi."

"Zeeka wewe. Mimi sina nafasi."

Kwa kuwa hata usingizi ulikuwa umemkimbia, tulimsukuma aende Brno kwa dada yake akapumzike. Aliporudi alikuta rafu zake nyeupe, zimepanguswa.

"Nimekupunguzia mzigo," Vratislav akasema. "Nimezichemsha zote. Sasa tuagize nyingine, tuanze upya."

"Na zile za kwenye friza?"

"Hizo ndizo za kwanza. Nilijua ubaya umeanzia huko."

Svatava akavuta kiti akaketi. Hamira hizo alizichukua mwenyewe kwenye maganda ya zabibu kule Moravia, angali msichana, na hazikuwepo pengine popote. Mimi nilikuwa meza ya pili nikangoja apige kelele. Hakupiga. Aliuliza tu kama kuna kahawa.

Nilipokuwa nikimmiminia, akakumbuka sanduku la bati. Kabla ya safari kabati jipya la joto lilikuwa limejaa, akaweka visahani vichache ndani ya sanduku hilo na kulisukuma nyuma ya bomba la joto ukutani. Tulilivuta. Lilipofunguka harufu ikatupanda puani. Katika kila kisahani makundi mawili yalikuwa yameachiana nafasi ya kupita kijiti.

Svatava aliangalia visahani, kisha akageuka kuliangalia lile kabati, lililoletwa mwanzoni mwa msimu, ambalo Vratislav ndiye aliyeliomba. Ndani yake feni ilikuwa ikivuma mchana kutwa.

"Zinasema vizuri," akasema taratibu. "Hiyo feni ndiyo inayopeperusha maneno kabla jirani hajayapata."

Vratislav akachomoa waya ukutani. Uso ulikuwa umemwiva.

"Svata, niseme nini?"

"Usiseme. Niletee visahani vipya."

Akakwangua chembe za juu tu, kwa ncha ya sindano. Zilizokuwa hai zilikuwa haba, lakini ziliota, na ndizo mama wa hamira zote tulizonazo leo. Majibu yalitoka mazuri. Vratislav alisimama mbele ya wakuu akaeleza kosa lake mwenyewe, hakuficha hata nukta.

Siku tuliyokunywa bia kwa furaha ya kazi hiyo, Svatava hakuja. Nilimpigia simu.

"Mimi niko kitandani," akasema. "Mwambie Vrata sina kinyongo. Ila friza nimeitia kufuli, na ufunguo ninao mimi."

Nilimpa Vratislav ujumbe huo mbele ya bilauri yake. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kunywa.