Aliyegusa Nyaya za Sabufa

Dereva wa teksi aliitupa ampu ya muziki wa gari lake juu ya meza yangu ya kazi bila hata salamu. Ilikuwa bado inanuka kuungua.

"Mlisema mmefunga vizuri," alisema. "Hii ndiyo vizuri yenu?"

Nilikwenda kwenye gari lake, nikafungua buti, nikang'oa spika moja kwenye boksi na kuchungulia nyaya. Mori ulinipanda. Muziki wa gari lile niliufunga mimi, kwa mikono yangu. Sabufa zake mbili, zile spika za besi, zina ukinzani wa omu mbili kila moja, na ampu yake, yenye mkondo mmoja tu wa kutoa sauti, haitaki mzigo ulio chini ya omu mbili. Ndiyo maana nilizifunga mfululizo: waya unatoka kwenye ampu, unapita spika ya kwanza, unaingia ya pili, ndipo unarudi. Hapo ampu inaona omu nne na inafanya kazi bila kulalamika. Sasa nilizikuta zimefungwa sambamba, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, na ampu ikawa inaona omu moja. Ukifunga hivyo besi inapiga kwelikweli, mwenye gari anacheka hadi jino la mwisho, halafu siku si nyingi anarudi kwako na moshi.

Nyaya hazijifungui zenyewe. Kuna mtu aliingia kwenye boksi baada yangu.

Na haikuwa mara ya kwanza. Kabla ya teksi ilirudi pikapu ya mwuza samani, ugonjwa uleule. Hapo nikaanza kuangalia watu kwa jicho la pembeni.

Gereji yetu ina watu watatu. Kuna Baba, aliyeianzisha na kunifundisha kushika bisibisi. Niko mimi. Na yuko shemeji, mume wa mdogo wangu, mtu mpole mpaka anakera. Baba hata sikumfikiria. Yeye ndiye mkaguzi wa mwisho, na hakuna gari linalotoka kabla hajabaki nalo peke yake, muziki unapiga, kiganja chake kiko juu ya boksi, sisi tumetolewa nje ili tusimpigie kelele. Akiinua dole gumba, gari linaondoka. Kumkagua Baba ningeanzia wapi?

Shemeji ndiye aliyeninyima usingizi. Kabla ya kuoa kwetu alifanya kazi kwenye duka la ng'ambo ya barabara, na duka hilo linauza ampu. Ampu ikiungua kwetu, mteja anavuka barabara kwenda kununua nyingine. Hesabu hiyo hata mtoto anaiweza. Tena alikuwa na simu za kunong'ona. Simu ikiita anakwenda nyuma ya matairi mabovu, anainama, na mimi nikipita na ndoo yangu ya uongo anasema "baadaye, baadaye" na kukata. Nilimuuliza mdogo wangu, akaniambia nimwache mume wake apumue. Nikajua na yeye ameshawekwa mfukoni.

Mchana mmoja nilitoka kwenda kula, nikakumbuka nimeacha simu yangu, nikarudi. Nilimkuta shemeji amejikunja ndani ya buti la gari ambalo Baba alikwisha kulipitisha. Boksi lilikuwa wazi na bisibisi iko mkononi mwake.

"Leo nimekukamata!" nilipiga kelele. Fundi cherehani wa jirani alitoka na futi yake shingoni. "Unatuchimba ndani ya nyumba yetu! Tumekupa mke, tumekupa kazi!"

"Shemeji, ngoja kwanza..."

"Ningoje nini? Toka! Vyombo vyako nitakuletea!"

Baba alikuwa ametokea mlangoni. Shemeji alimtazama, akatazama chini, akafuta mikono kwenye suruali. "Sawa, shemeji," alisema, akaondoka. Baba hakutia neno, nami nikajua ameniunga mkono.

Nilifunga lile gari upya mwenyewe, nikaona tumepona. Hatukupona. Zamani ilirudi ampu moja moja. Sasa yalirudi magari yote, moja baada ya jingine, na wateja wakaanza kunitukana mlangoni. Nilitafuta mtu wa kumshuku, nikakuta gereji nzima tumebaki wawili.

Siku iliyofuata nilimaliza gari la mhasibu mmoja, nikamwachia Baba akague, nikajifanya naenda dukani. Nilizunguka, nikajibanza nyuma ya pikapu. Nilijisikia mchafu, kumvizia mzazi wangu kama mwizi.

Baba aliweka kiganja kwenye boksi, akakunja uso. Akaongeza sauti. Mabati yalitetemeka, fundi cherehani akaziba masikio, na Baba bado amekunja uso. Akazima muziki, akachukua bisibisi, akaanza kulegeza spika.

Nilimsogelea kwa nyuma. Nilitaka kufoka lakini aibu ya kumvizia ilinizidi, nikatoa sauti ndogo. "Baba, unafanya nini?"

Hakugeuka. Nikarudia, karibu kabisa na bega lake. Aliendelea kulegeza skrubu.

"BABA!"

Akashtuka, akageuka akitabasamu. "Mbona unaninyemelea? Spika za siku hizi zimelegea, mwanangu. Hizi za omu nne zinataka sambamba. Naziongezea nguvu kidogo."

Spika za enzi zake zilikuwa za omu nne kweli. Zamani angeniuliza, au angechukua mita apime. Lakini ukiuliza lazima usikie jibu, na Baba alikuwa ameacha kuuliza. Mimi nisingejua, maana nyumbani na kazini naongea kama king'ora. Mimi alinisikia siku zote.

"Haya, Baba," nilisema, nikaenda moja kwa moja kwa shemeji. Nilimkuta uani kwake, anachomelea redio ya jirani.

"Ulikuwa unazirudisha," nilisema.

"Kila akimaliza kukagua." Hakuinua macho. "Zilizoungua ni zile zilizoondoka kabla sijazifikia."

"Na simu zile?"

"Kliniki ya masikio. Nimempangia mara nyingi, anakataa."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Mzee alinisihi. Alisema ukijua anaharibu kazi utamtoa pale, na pale ndipo mahali pekee alipobaki napo."

"Mimi?" Machozi yalinitoka. "Mimi nimtoe baba yangu?"

"Nilimwambia hivyohivyo. Nikamwambia wewe una kelele tu, lakini mtu akiwa na la kusema utamsikiliza. Akaanza kukubali. Akasema wiki ile atakuita akueleze mwenyewe." Aliweka chini kile chuma cha moto, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Halafu ukanifukuza mbele yake."