Milango ya Émérance

Jumanne asubuhi Dieudonné alikanyaga udongo, akauchanganya na nyasi zilizokatwakatwa, akaziba mlango wa tisa wa mwezi ule. Ulikuwa mlango mzuri wa mbao, wenye bawaba na komeo, nao ulikuwa umeota ukutani jana yake, upande wa jiko. Nyumba yao ya pale Nakivale, kambi ya wakimbizi, iliota milango kila mwezi, siku chache baada ya mkewe, Émérance, kumaliza hedhi, na Dieudonné hakutaka mbuzi wa majirani waingie. Alikuwa mtu wa kazi, hakuacha hata ufa.

Milango ililetwa na mwanamke mwembamba mwenye kitenge cha njano. Alibisha hodi kwenye ukuta mtupu, na pale alipobisha pakatokea mlango. Kadiri alivyoingia ndivyo ilivyoongezeka: mingine yenye kimo chake, mingine mipana kumzidi. Émérance alimpa kiti na chai kama mgeni yeyote. Wiki mbili hivi baadaye alifika wa pili, mnene, na beseni la udongo kichwani. Huyo alizunguka nyumba akitafuta pa kuingilia, akakuta ukuta laini tupu na mlango wa watu usiomtosha, akaenda zake.

Miaka sita ilipita bila mtoto. Mukandoli, mama yake Dieudonné, alikwisha sema kwamba maharage yakivunwa bila mimba, mwanawe ataoa binti mmoja wa kijiji cha Kabingo. Alisema hayo kwa upole, akichambua dagaa. Émérance alimpenda sana mumewe, akalia mpaka kitenge kikalowa.

Akaenda Mbarara kwa daktari. Daktari Mbabazi aliuliza milango ni mingapi, na mipana ni mingapi, akaandika. Kisha akamwambia kwamba hata mfuko wa uzazi hufanya hivyo hivyo.

“Homoni ya kwanza ni estrojeni. Inajifungulia milango yenyewe, inafungulia na ya pili, projesteroni. Ya pili ikiingia inafunga yote, hata ya kwake, ndiyo mimba inakaa. Sasa kwako nani anaziba mapema?”

“Bwana yangu.”

Daktari akaandika hilo pia.

Nyumbani Dieudonné hakubisha. Aliuliza tu habari ya mbuzi.

“Baingie,” Émérance alisema. “Uache milango yote mupaka ule mama munene afike.”

Mwezi uliofuata nyumba ilikuwa na milango thelathini na mmoja. Mbuzi waliingia huku wakatokea kule, na kwaya ya kanisa ikaomba kufanyia mazoezi pale kwa sababu ya upepo mzuri. Mama mnene alifika, akachagua mlango mpana, akaketi, akashusha beseni. Akaanza kuziba kwa ndani, milango ya mwenzake na ya kwake pia, akabakiza ule wa watu. Safari hii hakuondoka. Alikaa jikoni, akala vizuri.

Maharage yalipovunwa tumbo la Émérance lilikuwa limetangulia mbele. Mukandoli aliruka miguu ya mama mnene, akachinja kuku, akaita majirani. Firigisi akampa mwanawe kwenye sahani yake peke yake.

“Nilisema,” aliwaambia watu. “Mutoto wangu ni mwanaume.”

Wote wakapiga makofi, na Émérance, aliyepewa shingo, akacheka kwa furaha, kwani mtoto alikuwa amecheza tumboni. Dieudonné, aliyejua vizuri mikono iliyokuwa ikiziba mapema ilikuwa ya nani, aliitafuna firigisi taratibu mpaka ikaisha.