Dume la Agosti

Kwa hesabu ya chama cha mbio, farasi wote wa Ireland wana siku moja ya kuzaliwa: tarehe mosi Januari. Aliyezaliwa Februari na aliyezaliwa Juni hutimiza mwaka asubuhi hiyo hiyo. Australia siku hiyo ni tarehe mosi Agosti, kwa sababu huko nyasi mpya huota wakati za huku zinaanza kufifia. Dervla Tuohy alilijua jambo hilo kabla hajajua kusoma. Ndiyo maana baadaye hakuweza kusema kwamba alidanganywa.

Alikuwa amebakiwa na farasi jike mmoja, Cloonara, mwenye umri mkubwa, wa mwisho katika uzao ambao bibi yake aliuanzisha kwenye malisho ya nje ya mji wa Fethard, huko Tipperary, Ireland. Cloonara alikuwa amezaa madume mazuri kadhaa na jike mmoja, ambaye alikufa. Mdogo wake Dervla, Fintan, alisimamia shamba la farasi huko Australia, na ni yeye aliyepiga simu.

"Dada, mpandishe Septemba," alisema. "Halafu mlete huku na mimba yake. Atazaa Agosti, mwaka wetu ndio unaanza. Mtoto atakuwa mkubwa kuliko wenzake wote, watamwona kivumbi tu."

"Na damu? Si hawaingizi farasi huko mpaka damu ipimwe?"

"Itapimwa akiingia karantini, kila mtu anafanya hivyo. We nawe! Ungekuwa wewe Mungu, mpaka leo ungekuwa unakagua udongo."

Dervla alicheka. Alijua kwamba Cloonara aliwahi kukaa Ufaransa misimu miwili, kwenye malisho yenye kupe. Alijua pia kwamba kuchukua damu ni kazi ya asubuhi moja. Lakini tangu utotoni Fintan ndiye aliyethubutu na yeye ndiye aliyeuliza maswali, na aliyethubutu alikuwa amefika mbali. Safari hiyo hakuuliza tena. Septemba, wakati madume mengi ya mbegu yamekwisha kupumzishwa na kazi imebaki kwa yale yanayopanda majike ya kwenda kusini, Cloonara alipandwa mara moja tu, akashika mimba.

Aprili majibu ya damu yalirudi. Cloonara alikuwa na ugonjwa wa kupe. Hakuwahi kuugua na pengine asingeugua maisha yake yote, ila Australia haimpokei farasi wa namna hiyo.

"Dah, pole sana, dada," Fintan alisema. "Bahati mbaya tu hiyo."

"Bahati haikumpeleka kwa dume Septemba. Nilimpeleka mimi, kwa ushauri wako."

"Sasa unataka nifanye nini? Nije nimnyonye kupe?" Kisha akasema kuna watu wanamsubiri.

Hesabu haikuwa ngumu. Mtoto angezaliwa Agosti, lakini Tipperary. Januari angehesabiwa ana mwaka mmoja akiwa bado ananyonya. Akiitwa wa miaka miwili angeshindanishwa na waliozaliwa Februari, waliomtangulia kwa nusu mwaka wa mifupa na misuli. Hakuna mwalimu wa farasi mwenye akili zake ambaye angempokea. Kudanganya tarehe hakukuwezekana, kwani siku ya kupandwa ilikuwa imekwisha kuandikwa na wenye dume.

Ilibaki njia moja. Akizaliwa jike, asingelazimika kukimbia. Angekua taratibu, apandwe kwa majira ya huku, na watoto wake wazaliwe Februari kama watoto wa wengine. Uzao ungepoteza kizazi kimoja, usife. Akizaliwa dume, basi; dume asiyeshinda mbio hapewi majike. Daktari wa mifugo alijaribu kuangalia kwa mashine, lakini mtoto alikuwa amejikunja vibaya.

Malachy Breen, jirani aliyekodi malisho ya pili, alipita kila siku na kuegemea lango.

"Bado hajashusha tu? Wenzake wanaachisha watoto ziwa, yeye ndio kwanza yuko leba."

"Huna kazi kwako, Malachy?"

"Ninayo, ila kwangu hakuna burudani. Sikiliza, akija dume mvalishe sketi umsajili hivyo hivyo."

Cloonara alizaa asubuhi ya katikati ya Agosti, malishoni, baada ya mvua, matrekta ya majirani yakisubiri nyasi zilizokatwa zikauke. Hakuzaa vizuri. Malachy aliruka lango akasaidia kuvuta. Mtoto alipotoka na kuinua kichwa, Dervla aliona bega refu lililolala nyuma, kifua kipana na miguu iliyonyooka kabisa. Cloonara hakuwahi kuzaa mtoto aliyeumbika hivyo. Dervla akapiga magoti kwenye majani yaliyolowa, akainua mkia.

"Nini?" Malachy aliuliza.

"Dume."

Malachy alivua kofia, akaivaa tena. 

"Mzuri lakini, Dervla."

"Naona. Afadhali angekuwa kilema."

Daktari alikuja mchana. Alisema mshipa wa kizazi ulivuja damu ndani, na ni bahati tu kwamba uliziba. Cloonara asipandwe tena kamwe. Dervla alimwuliza mara mbili, kwa maneno tofauti, akapata jibu lile lile. Wakakubaliana mtoto ahasiwe akishakomaa kidogo, auzwe kwa watu wanaopanda farasi kujifurahisha, ambao hawajali alizaliwa lini.

Januari mosi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Fintan alipiga simu kutoka kwenye joto lake; nyuma yake watu walikuwa wakichoma nyama na kucheka.

"Heri ya mwaka mpya, dada! Kale kabwana kanaendeleaje?"

Dervla alikuwa amesimama mlangoni pa banda. Mtoto alikuwa chini ya tumbo la mama yake, povu la maziwa limemjaa mdomoni.

"Leo ametimiza mwaka," alisema. "Ananyonya."

Fintan aliangua kicheko kikubwa, akawageukia wenzake kuwasimulia. Dervla alishika simu sikioni, akawasikiliza wote wakicheka mmoja baada ya mwingine, mpaka mdogo wake alipokumbuka kwamba dada yake bado yuko kwenye simu.