Mnyororo Mfupi

Mwaka ule mnyororo wa karatasi haukufika hata dirishani, na Bibi akajua kwamba nyumba inavunjika.

Mtu mwingine angefurahi: mapambo machache, kazi ndogo ya kufuta vumbi baadaye. Lakini katika nyumba ile ya ghorofa ya nne hesabu ilikwenda kinyume. Bibi alipokuwa na nguvu zake alifanya kazi ya kukata karatasi katika kiwanda cha uchapaji, na kila sikukuu ikikaribia alirudi nyumbani na mfuko wa masalio, vipande vyekundu, vya kijani na vya manjano. Yeye na marehemu mumewe walikuwa watu wa kupendana na kupigiana kelele kwa kipimo kilekile, basi wakajiwekea sheria. Wiki ya kupamba nyumba, wanaogombana hawaruhusiwi kukimbilia chumbani wala kwenda kununa kwa jirani. Wanakaa mezani pamoja. Mmoja anakata vipande, mwenzake anaviunga kwa gundi, pete ndani ya pete, na hakuna kuinuka mpaka kila mtu awe ametoa lililo moyoni. Kinachopatikana kinatundikwa darini.

Wageni walikuwa wakiingia, wanatazama juu, wanasifu, "Jamani, nyumba hii mnaipenda sikukuu!" Hawakujua wanasifu ugomvi. Kuna mwaka mnyororo ulizunguka sebule, ukapita koridoni, ukaingia jikoni ukageuka kurudi. Huo ndio mwaka marehemu aliponunua pikipiki bila kumuuliza mtu.

Mwanawe alipooa, Bibi alihofia kuletewa mkamwana mpole. Wapi! Sikukuu yake ya kwanza tu, yule binti alimwambia mumewe kwamba nyota ya bati ameitundika kama soksi iliyofuliwa, na Bibi akaenda jikoni kucheka hadi akashika ubavu. Tangu siku hiyo alimpenda, ingawa hakumwambia, maana mkamwana naye akisifiwa sana hupanda kichwa.

Sasa mwaka huu. Mwanawe alikuwa fundi wa friji, mtu wa maneno machache na spana nyingi. Mkewe alikuwa akipokea simu za malalamiko katika kampuni ya maji. Kutwa anatukanwa na watu asiowajua, na yeye anawashukuru kwa kupiga simu. Miaka yote sauti ile ya kazini aliiacha mlangoni pamoja na viatu. Safari hii akaanza kuingia nayo ndani.

"Chai ipo?" fundi aliuliza jioni moja.

"Ombi lako limepokelewa. Samahani kwa kusubiri."

Wala hakuwa anatania. Chai ililetwa, kikombe kikawekwa mezani taratibu, fundi akasema asante sana, akajibiwa karibu sana. Bibi alikaa kwenye kochi akisikiliza adabu ile yote na mwili ukamsisimka kwa hofu.

Habari kamili aliletewa na mjukuu wake, binti wa miaka saba waliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima.

"Mama amepandishwa cheo," Redio alisema, mdomo umejaa mkate. "Lakini ni mji mwingine, mbali kabisa. Baba akasema, sawa tu, fanya unavyoona. Mama akasema, asante. Halafu wakazima taa. Na wakubwa wa kazini wanataka jibu kabla ya sikukuu."

Bibi alilazimika kukaa vizuri. Sawa tu! Amembeba tumboni, amemnyonyesha, amemfundisha kusema, na hayo ndiyo maneno aliyoyaokota? Mke anakwambia ataenda mbali, unamjibu kama umeulizwa chai iongezwe sukari! Akawaza mkamwana akishuka ngazi na mabegi, na Redio nyuma yake anatangaza, na mwanawe amebaki hapa anaongea na friji. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Bibi alikuwa ameona ndoa za wapiga kelele zikizeeka, na za waungwana zikifa bila jirani kusikia kitu.

Basi akaamua kutia fitina. Wengine hutia fitina kuvunja nyumba, yeye akaona yake itakuwa ya kujenga, na kama haipo fitina ya namna hiyo, ataianzisha.

Alianza na nyota. Aliwaita wote wawili sebuleni, akaishika ile nyota ya bati mbele yao. Kwa nyota hiyo watu hawa walikuwa wamewahi kugombana tangu asubuhi mpaka chakula kikaungua.

"Haya. Mwaka huu inakaa wapi?"

"Popote tu, mama," fundi akasema.

"Atakapoona mwenzangu panafaa," mkamwana akasema.

Fundi akaitundika karibu na mlango, mahali pabaya kuliko pote, kiasi kwamba kila mlango ukifunguliwa uliigonga. Bibi akafungua mlango. Ngwa! Akaufunga, akaufungua tena. Ngwa! Mkamwana aliinamisha kichwa kidogo, akapita chini yake, akaenda zake.

Bibi hakukata tamaa. Alimfuata mwanawe koridoni. "Mkeo anasema unapiga misumari kama polisi anayebisha hodi."

"Ana haki, mama. Nitapiga polepole."

Akamwendea mkamwana jikoni. "Mumeo anasema karatasi ulizochagua zina rangi ya dawa ya kikohozi."

"Tunathamini maoni yake," mkamwana akasema, akaendelea kumenya vitunguu.

Hapo Bibi akatoa silaha nzito. Fundi alipokuwa anaoga, alilivuta sanduku lake la spana, lile lenye grisi ya miaka, akalisukumia ndani ya kabati la mkewe, juu kabisa ya blauzi nyeupe za ofisini. Zamani kosa kama hilo lingetoa mnyororo wa kufika jikoni na kurudi. Akajibanza nyuma ya pazia la koridoni, mkono kifuani, akingoja. Mkamwana alifungua kabati. Alisimama kidogo. Kisha akalitoa sanduku, akalifuta kwa kitambaa, akaliweka mlangoni, akaenda kuloweka blauzi.

Bibi aliingia chumbani kwake akaketi kitandani. Roho ilimuuma kwelikweli. Mwanamke anayefua doa la mumewe bila kulalamika, alijiambia, huyo ameshaanza kufungasha.

Mkesha wa sikukuu ukafika, na kilichoning'inia darini kilikuwa kile kipande kifupi ambacho Bibi na Redio walikitengeneza baada ya kugombania mkasi. Mchana, baada ya kula, mkamwana alikuwa akipangusa meza. Fundi alikuwa juu ya kiti anakaza balbu. Redio alikuwa sakafuni.

"Mama, nikimaliza hapa nitawapigia simu wakubwa wangu," mkamwana alisema.

Bibi akaegemea mbele. "Utawajibu nini?"

"Suala hilo linashughulikiwa, mama. Asante kwa uvumilivu wako."

Bibi alikuwa amepanga ugomvi wa kila mtu katika nyumba ile isipokuwa wa kwake. Ukamtoka bila kupangwa.

"Uvumilivu wangu? Mimi ni mteja wa maji? Nimekupigia simu kwamba bomba langu limepasuka? Nimekuuliza swali kwa mdomo wangu, nijibu kwa mdomo wako! Wiki nzima naishi na kampuni humu ndani!"

Kitambaa kilitua mezani kwa kishindo.

"Na mimi ni mjinga, mama? Unadhani sijui nani aliweka spana juu ya blauzi zangu? Huyu mwanao tangu nimjue hajawahi kuweka kitu juu ya kitu! Anaacha sakafuni!"

Mungu wangu, ilikuwa sauti yake mwenyewe. Bibi aliumia kutukanwa na wakati huohuo akataka kumkumbatia. Hakupata nafasi ya kuchagua.

"Wamegombana!" Redio akapiga kelele, ameshafika kwenye droo. "Bibi na mama wamegombana! Mezani! Mezani!" Akaja na mkasi, gundi na mfuko mzima wa karatasi.

Sheria ni sheria, hata kwa aliyeitunga. Bibi akakaa na kushika mkasi. Mkamwana akavuta kiti kwa nguvu, akafungua gundi.

"Mama, mwache jamani, amechoka," fundi akasema kutoka juu ya kiti.

"Wewe nyamaza!" wakamjibu wote wawili.

"Baba umeingilia," Redio akamhukumu. "Kaa na wewe."

Fundi akashuka na kukaa, balbu bado mkononi.

"Haya, toa," Bibi akamwambia mkamwana, mkasi unakata karatasi nyekundu krrr. "Una nini na mimi?"

"Sina kitu na wewe! Nina kitu na huyu. Nimekuja nimemwambia, wananitaka niende mbali. Usiku huo nilikuwa natetemeka. Akasema, sawa tu! Sawa tu, kama nimemuaga naenda dukani!"

"Ulitaka nisemeje?" Fundi naye akapandisha sauti, na Bibi akakumbuka kwamba mwanawe ana sauti nzuri ya ugomvi, amerithi kwa baba yake. "Miaka yote unatukanwa na watu kwenye simu. Leo wamekupa kiti cha maana, mimi nikukalie mguu? Mume gani huyo?"

"Nilitaka useme tunakwenda!"

"Tunakwendaje?"

Akageuza macho kumtazama mama yake. Yalikuwa macho ya kuibia, mara moja tu, akayarudisha kwenye balbu. Lakini Bibi aliyaona, na alipomtazama mkamwana akakuta naye anamwibia macho vilevile. Mkasi ukasimama katikati ya karatasi.

"Mnanitazama nini?"

Fundi akaizungusha balbu mkononi. Hata Redio alikosa matangazo.

"Mama," fundi akasema hatimaye, "baba alifia humu. Maisha yako yote yamo humu. Mimi nitakung'oa vipi?"

"Na mimi nilikuwa nataka kuwapigia niwaambie hapana," mkamwana akasema, anaikandamiza pete ambayo ilikuwa imeshashika zamani. "Sikutaka iwe mimi niliyekutoa kwenye nyumba yako. Lakini kama si kwenda sote, basi nilitaka yeye ndiye anizuie. Kujizuia mwenyewe kunauma, mama."

Wiki nzima Bibi alikuwa anachimba kutafuta shina la ugomvi, kumbe amelikalia. Aliona aibu, aibu kubwa ya mtu mzima. Na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kuona aibu, alikasirika.

"Nani aliwaambia naipenda nyumba hii?"

Wakamtazama.

"Mliniuliza lini? Ngazi zile ziniue? Magoti yangu yanalia kila nikienda kununua chumvi, nikifika juu nimesahau nilifuata nini! Maji yanapanda huku yakipenda yenyewe! Chini yangu kuna mtu anajifunza tarumbeta! Baba yako mwenyewe alitaka tuhame tangu hujaota meno! Nimebaki hapa kwa ajili yako wewe, nilijua unaipenda kwa sababu ya marehemu!"

"Mimi?" Fundi aliiweka balbu chini. "Mimi nimebaki kwa ajili yako!"

Nyani haoni kundule. Bibi, aliyeshinda wiki nzima akisimanga watu kwa kunyamaza, alikuwa amenyamaza tangu siku waliyotoka kumzika mumewe. Na si kwamba yote aliyosema yalikuwa kweli tupu. Pale jikoni palikuwa na ukuta ambao marehemu alipenda kuuegemea akinywa chai, umeingia weusi wa bega lake, na Bibi alijua atauacha ukuta ule akilia. Lakini ukuta haujawahi kumuuliza kama amelala vizuri. Hawa walimuuliza kila asubuhi.

"Kwa hiyo sote watatu..." mkamwana alianza, akashindwa kumaliza, anacheka na kufuta macho kwa kiganja chenye gundi, nyusi zikaanza kushikana.

"Usicheke, hatujamaliza!" Bibi akasema. "Huko unakokwenda, friji zinaharibika?"

"Friji haichagui mji, mama," fundi akasema.

"Basi una kazi. Na mimi silali chumba kimoja na huyu Redio, nawaambia mapema."

"Bibi unakoroma wewe!" Redio akapaza sauti.

"Nani anakoroma?"

"Chumba cha mbele ni chetu," fundi akasema.

"Nani kasema chetu? Mwenye cheo nani?" mkamwana akamkatiza, na pale meza nzima ikalipuka, kila mtu anapanga nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuiona, mkasi unakata, gundi inamwagika, na Redio anaruka juu ya kochi akigawa vyumba kwa mamlaka aliyojipa mwenyewe. Mnyororo ulianguka sakafuni na kuelekea koridoni.

Jua lilikuwa limeanza kushuka mkamwana alipokumbuka simu. Akainyanyua, vidole vimegandwa na karatasi ya kijani, akasimama kando ya dirisha.

"Habari za mchana," alianza, kwa ile sauti ya kazini, laini kama losheni. "Samahani kwa kuchelewa, napenda kuwajulisha kwamba..."

Akasita. Akawageukia pale mezani: mumewe, mtoto, na yule mama mzima aliyekuwa amekumbatia mfuko wa karatasi kana kwamba kuna mtu anataka kumnyang'anya.

"Bosi, nakuja," akasema, sasa kwa sauti yake. "Lakini siji peke yangu. Tuko wanne. Na hiyo nyumba mtakayonitafutia isiwe na ngazi, mama yangu ana magoti."