Aksanti ya Mlangoni

Mama Ernestine alikwisha kuapa kabla hajanywa chai. Alimwambia Jephté, mwanawe aliyemrudisha Goma mwezi ule na kumpa chumba nyumbani kwake, mtaa wa Mapendo, kwamba anakwenda misa ya pili kwenye parokia yake ya zamani. Akimkuta mtu anayemjua, hata mmoja, atabaki. Asipomkuta, apangiwe safari ya kurudi Butembo, hata ikibidi kuzunguka Uganda nzima. Hawezi kuzeekea mahali ambapo hakuna wa kumlilia. Jephté alijaribu kucheka, akaacha. Mama yake akisema, amesema.

Na tumwelewe jamani, miaka kumi na miwili si juzi. Aliondoka kwenda kumuuguza dada yake kwa miezi miwili, miezi ikazaa miaka, vita vikafunga barabara, dada akafa. Muda wote huo alikuwa akiikumbuka parokia yake hadi anaudhi watu. Ukuta wa kanisa lile aliubebea mawe kichwani, yale mawe meusi ya volkano, baada ya moto wa mlima wa mwaka 2002. Shirika lao, jumuiya ya majirani wa kusali pamoja, lilikuwa la nyumba kumi na nne. Walisali kila Jumatano, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na aliyewapokea aliwapikia sombe. Sasa alikuwa ameuliza mtaa mzima. Wengine walikufa, wengine wako Beni, wengine Kampala, wengine hakuna ajuaye waliko.

Lakini kumbukumbu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya aibu. Ndiyo, aibu. Kanisa lilipoezekwa, padri wa wakati ule alimweka kwenye akeyi, kazi ya kusimama mlangoni na kupokea watu. Ernestine alikuwa hajawahi kusema mbele ya kadamnasi, akashinda wiki nzima akikariri: karibuni, karibuni. Jumapili ikafika, na wa kwanza kuingia wakawa jamaa walioteketezewa nyumba, baba kabeba godoro kichwani. Ulimi hauna mfupa. Ernestine akafungua kinywa, akasema, “Aksanti.”

Wakamkodolea macho. Badala ya kujirekebisha, akarudia kwa ule ukaidi wake, “Aksanti, papa. Aksanti, mama.” Yule baba akatua godoro, akalia. Baadaye alieleza kwamba tangu nyumba iungue kila mtu alimpa pole, ila hakuna aliyemshukuru kwa kufika mahali. Papa Grégoire, sauti nene ya kwaya na mtani wake mkubwa, alimcheka Ernestine hadi Pasaka. Padri akaamua iachwe hivyohivyo. Kuanzia hapo mgeni wa parokia ile haambiwi karibu. Anaambiwa aksanti.

Basi, Jumapili hii akashuka kwenye pikipiki, akanyoosha kitenge, akaukaribia mlango. Binti mwenye mshipi wa njano begani, ambaye wenzake walimwita Charline, akamshika mkono.

“Aksanti, mama,” binti akasema.

Moyo ulimruka Ernestine. Kumbe alifurahi mapema. Charline alimwongoza moja kwa moja hadi benchi la wageni. Wageni! Ernestine akagoma, akaonyesha nguzo ya tatu upande wa kushoto, mahali alipokaa miaka yote. Charline akamjibu kwa adabu kwamba pale pamejaa, ni pa watu wa shirika, mgeni ana benchi lake. Kisha akawainamia wageni wa benchi lile, akawaeleza kwa sauti ya chini kwa nini waliambiwa aksanti.

“Zamani kulikuwa mama mumoja hapa, marehemu. Alikosea kusema karibu, basi tukabaki na kosa lake.”

“Marehemu?” Ernestine akauliza.

“Ndiyo, mama. Mungu amulaze pema.”

Mtu avae kitenge chake kizuri, alipe pikipiki, aje kanisani kuambiwa kwamba amekufa! Ernestine alitaka kucheka, akakuta ni machozi. Alitazama nyuso benchi kwa benchi, wakati wa masomo, wakati wa sadaka, Mungu amsamehe, hata wakati wa kuungama imani. Hakuna aliyemjua. Akaanza kuwaza mfuko wake wa safari, na nguo gani aziweke chini.

Matangazo yakafika. Padri, kijana ambaye naye Ernestine hakumjua, akaomba wageni wasimame, kila mmoja aseme jina lake na anakotoka. Ernestine akabaki ameketi. Kusimama kungekuwa kukubali kwamba yeye ni mgeni kwenye ukuta alioubebea mawe. Charline akamgusa kiwiko, taratibu, akamsaidia kuinuka, akampa kipaza sauti. Hofu ya siku ile ya godoro ikarudi yote, watu mamia wakimtazama. Alikusudia kutaja jina, kusema aksanti, na kukaa.

“Karibuni,” akasema.

Mgeni anawakaribisha wenyeji? Watoto ndio walioanza kucheka. Ernestine akaona uso unawaka, na badala ya kujirekebisha akarudia, “Karibuni, papa. Karibuni, mama.”

Nyuma ya kinanda, kwenye viti vya kwaya, mzee mmoja aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa hayaoni tena vizuri, lakini masikio yalikuwa mazima, na sauti ilikuwa bado nene.

“Huyo ni Ernestine,” akasema papa Grégoire. “Mutu wa kukosea hivi ni mumoja tu Goma muzima.”

Charline akaziba mdomo kwa mikono miwili. Minong'ono ikapita benchi hadi benchi, kisha waumini wakamwitikia kama wanavyomwitikia kila mgeni, wote pamoja: aksanti kwa kuja. Ernestine alilia waziwazi, wala hakujificha.

Padri alisubiri kutulie. Halafu, kwa kuwa hakuwa ameelewa bado, akamuuliza kwa upole, “Na unatoka wapi, mama?”

“Pale,” Ernestine akasema, akaonyesha nguzo ya tatu.

Watu wa pale wakasogea.