Miguu ya Japheth

Kabla hajaanza kuuza viatu vya mitumba soko la Kombani, Muhsina alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja ya Diani. Nyayo zake ni bapa tangu kuzaliwa, na akitembea, vifundo vyake huangukia ndani. Alimwomba msimamizi wake, Japheth, amruhusu kuvaa raba zenye soli ngumu. Japheth akakataa. Viatu vya sare vilikuwa vyembamba na laini, na Muhsina alivivaa akipanda na kushuka ngazi mpaka kila asubuhi visigino vikawa vinawaka kama vya mtu aliyekanyaga makaa. Siku alipochechemea mbele ya wageni, Japheth alimwiga mwendo wake ukumbini huku wenzake wakicheka, kisha akamwambia asirudi tena.

Maumivu ndiyo yaliyomfundisha biashara. Alijua kiatu kipi kinashika mguu na kipi kinauacha uzame, na watu wakaanza kumfuata kutoka Kinango mpaka Msambweni.

Alhamisi moja alasiri Japheth alisimama mbele ya kibanda chake.

"Niaje, mama. Nataka viatu vya kutembea. Jumamosi naongoza wageni wa hoteli, tunatoka Kwale mjini mpaka msituni. Bosi mwenyewe atakuwepo."

Muhsina alikuwa amevaa nikabu, lakini sauti hakuificha. "Karibu, kaka. Vua viatu, ukanyage maji kwenye beseni, kisha upite hapa kwenye saruji."

Japheth hakuitambua sauti ile. Hilo lilimchoma Muhsina kuliko kicheko cha ukumbini. Yeye alikuwa amelala na kuamka na jina la mtu huyu, na mtu huyu hakumkumbuka hata kidogo.

Unyayo ulijichora mzima kwenye saruji, bila pengo katikati. Muhsina akakigeuza kiatu alichokivua Japheth: soli imelika upande wa ndani. Miguu ya Japheth ilikuwa sawasawa na yake.

Basi alijua cha kumpa: kiatu chenye kisigino kigumu, kinachokunjika penye vidole tu, chenye nafasi ya dole gumba mbele. Akampa kinyume chake. Alimchagulia viatu vya kahawia vinavyong'aa, ncha nyembamba, soli ya kukunjika katikati kama karatasi.

"Vinabana kidogo," Japheth alisema.

"Ngozi itaachia. Na vimekupendeza, wallahi."

Jumamosi Muhsina alifunga kibanda akapanda kwenda Kwale mjini. Aliwafuata wageni kwa mbali. Mwanzoni Japheth alitangulia, kifua mbele. Kwenye kilima cha kwanza mwendo ukapungua. Kwenye cha pili akawa anakanyaga kwa pembeni, akishika kiuno. Mwishowe aliketi chini kando ya njia, akavua viatu, soksi zikiwa na damu. Bosi wake alimtazama, akatikisa kichwa, akampa kijana mwingine kazi ya kuongoza. Wageni wakampita mmoja mmoja.

Muhsina aliusikia moyo wake ukitulia, kama mtu aliyekunywa maji baada ya kiu ya siku nyingi. Aliitafuta huruma ndani yake. Hakuiona.

Wiki iliyofuata Japheth alirudi Kombani akiwa na ndara, akiburuta miguu. "Mama, umeniua! Visigino vinawaka, kukanyaga siwezi. Kwa nini ulinipa viatu vile?"

Muhsina akafunua uso wake.

Japheth alimtazama. Akaketi kwenye benchi taratibu. "Muhsina," alisema. "Kumbe miguu inauma hivi."

"Inauma hivyo."

"Nisamehe, dada. Nitafutie vinavyonifaa. Nakuomba."

"Msamaha kaombe kwa Mungu. Viatu viko kwangu, na sikuuzii."

"Nitatembeaje?"

"Mimi uliniuliza?"

Mzee Ngala, mfugaji aliyekuwa akingoja zamu yake, aliinamisha kichwa asitazame. Japheth aliinuka, akashika nguzo ya kibanda, akaelekea barabarani akikanyaga kwa ncha za vidole.

Muhsina hakumsindikiza hata kwa macho. Alimwaga maji ya beseni, akateka mengine safi.

"Shikamoo, mzee. Lete mguu wako tuuone."